Mizuka Iliyozuka Baada ya Wageni Kuondoka: Hoteli ya Goldfield na Hadithi Zake

Katika mji mdogo wa Goldfield, jimbo la Nevada, Marekani, ipo hoteli ya ghorofa nne ambayo haijapokea wageni wa kulala tangu miaka ya katikati ya 1940. Milango imefungwa na vyumba ni vitupu. Hata hivyo, ukitafuta orodha ya hoteli za Marekani zinazodaiwa kuwa na mizuka, jina lake halikosekani. Umaarufu huo umeletwa na mwanamke mmoja, Elizabeth. Inasimuliwa kwamba alikuwa kahaba, akapata mimba ya mmiliki wa hoteli, tajiri wa dhahabu George Wingfield, naye Wingfield akamfungia katika chumba namba 109 na kumfunga kwa minyororo kwenye mabomba ya kupashia joto. Alijifungua humohumo. Yeye akafa, na kichanga kikatupwa kwenye shimo la mgodi lililo chini ya jengo.

Wapo wanaoimeza hadithi hii nzimanzima, na wapo wanaoicheka na kupita. Mimi siimezi, lakini kicheko pia naona hakitoshi, kwa sababu hadithi imemchagua mshtakiwa wake kwa ustadi. Wingfield alikuwa mtu wa kweli, na watu wa Goldfield walikuwa na sababu za kweli za kumwonea uchungu. Ajabu ni kwamba sababu hizo hazimo hata kidogo katika kisa cha Elizabeth. Ukitaka kujua zilikwenda wapi, anza na mji wenyewe.

Mji uliopanda haraka kuliko ulivyojengeka

Desemba 1902 watafutaji madini wawili, Harry Stimler na William Marsh, walisimika vigingi vyao kwenye vilima vikavu, kilomita zipatazo 40 kusini mwa mji wa Tonopah. Stimler, ambaye mama yake alikuwa Mshoshone, yaani wa kabila la wenyeji asilia wa eneo hilo, alifika huko baada ya Mshoshone mwingine, Tom Fisherman, kuonyesha mawe yenye dhahabu. Eneo lile wakalipa jina la Grandpa, wakiamini kwamba lingekuja kuwa babu wa machimbo yote. Mwanzoni wengi waliwapuuza. Mawe yenye utajiri wa kutisha yalipoanza kutoka, watu wakamiminika: kufikia mwaka 1906 na 1907 wakazi walikadiriwa kuwa 20,000 hivi, katika jimbo ambalo sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watu 42,335 tu.

Pesa za wakati ule zilikuwa na kelele. Tex Rickard, mwenye baa, aliandaa pambano la ubingwa wa dunia wa uzani mwepesi, nia yake hasa ikiwa mji utajwe magazetini na hisa za migodi zipate wanunuzi. Akazipanga sarafu za dhahabu za dola 20 dirishani, jumla dola 30,000, ili kila mpita njia ajionee zawadi kwa macho yake. Tarehe 3 Septemba 1906 Joe Gans na Battling Nelson walipigana raundi 42 chini ya jua la jangwani, hadi Nelson alipopiga chini ya mkanda na Gans akapewa ushindi. Gans, Mmarekani mweusi, ndiye aliyekuwa bingwa, ndiye aliyeshinda, na ndiye aliyelipwa takriban nusu ya fedha alizopata aliyeshindwa. Mtu akikuambia kwamba Goldfield ulikuwa mji ambapo kila mtu alipata haki ya jasho lake, mkumbushe hesabu hiyo.

Chini ya ardhi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Katika mgodi wa Mohawk, wapangaji wawili waliokodi sehemu ya mgodi, Hayes na Monnette, walichimba dhahabu ya takriban dola milioni 5 kwa siku 106. Mawe mengine yalikuwa tajiri kiasi kwamba mchimbaji angeweza kutoka na mshahara wa wiki nyingi mfukoni, ndani ya kiatu, au kwenye kopo la chakula. Wengi walifanya hivyo. Ujira halali ulikuwa dola 4 hadi 5 kwa siku, na vipande vya mawe vilihesabiwa mitaani kama nyongeza ya kawaida. Walikuwepo wapimaji dhahabu waliovinunua bila maswali. Wenye migodi waliuita wizi. Wachimbaji waliona ni sehemu yao katika utajiri ambao mikono yao ndiyo iliutoa, na baa nyingi ziliishi kwa fedha hizo.

Hapo ndipo anapoingia Wingfield. Alizaliwa Arkansas mwaka 1876, akafanya kazi ya kuchunga ng'ombe, kisha akawa mcheza kamari na mgawa karata huko Tonopah. Akashirikiana na mwenye benki George Nixon, aliyekuwa seneta. Novemba 1906, Wingfield akiwa na umri wa miaka 30, wawili hao waliunganisha migodi mikubwa ya Goldfield chini ya kampuni moja, Goldfield Consolidated Mines, yenye mtaji wa hisa wa dola milioni 50. Kabla ya hapo mchimbaji aliyegombana na bosi wake alivuka barabara akaajiriwa na mwingine. Baada ya hapo, mabosi walikuwa kama mmoja.

Mwaka ambao hauna mzuka

Mwaka 1907 ndio kitovu cha habari hii, na watalii wengi hawausikii kabisa.

Kampuni iliweka vyumba vya kubadilishia nguo: mchimbaji anatoka shimoni, anavua mbele ya mlinzi, anapita mtupu kwenda kuvaa nguo zake za nyumbani. Vyama vya wafanyakazi, Western Federation of Miners pamoja na IWW (Industrial Workers of the World), vilikuwa na nguvu kubwa Goldfield, na jambo hilo likaleta mgogoro. Kisha, Oktoba mwaka huo, mabenki ya Marekani yakayumba. Fedha taslimu zikawa adimu, na wenye migodi wakaanza kulipa kwa hati za karatasi zilizoahidi malipo ya baadaye. Chama cha wachimbaji kikataka dhamana kwamba hati hizo zingelipwa. Dhamana haikutolewa, wakagoma mwezi Novemba.

Wenye migodi walimwendea gavana John Sparks, naye akamwomba rais Theodore Roosevelt apeleke jeshi la serikali kuu, akidai kwamba mji uko hatarini. Askari wakafika mwanzoni mwa Desemba. Roosevelt, aliyeanza kushuku, alituma tume kuchunguza, na tume ikakuta kwamba hapakuwa na ghasia za kuhalalisha jeshi. Lakini chini ya kivuli cha bunduki zile wenye migodi walikwisha kutangaza ujira mdogo zaidi, na kumtaka kila anayetaka kazi atie saini kuukana uanachama wa chama. Jeshi liliondoka Machi 1908, baada ya jimbo kuunda polisi wake. Chama kilikuwa kimevunjika.

Na mwaka huohuo, 1908, Hoteli ya Goldfield ikafunguliwa.

Mpangilio huu wa tarehe nauona ni muhimu kuliko maelezo yote ya chumba namba 109. Jengo lile, ambalo leo linauzwa kama kaburi la siri za ngono za tajiri mmoja, lilifungua milango yake miezi michache baada ya maelfu ya wanaume kushindwa katika mapambano ya ujira. Wageni waliopanda ngazi zake walikuwa wanahisa, madalali, mawakili na wahandisi, yaani upande ulioshinda.

Ilikuwa hoteli ya fahari, hilo halibishaniwi. Waliichora wasanifu Morrill Curtis na George Holesworth wa Reno. Sehemu ya chini ilijengwa kwa mawe ya matale na ghorofa za juu kwa matofali, kwa umbo la herufi U ili kila chumba kipate dirisha. Vyumba vilizidi 150, vikiwa na simu, taa za umeme na joto la mvuke. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na mbao za mkangazi na viti vya ngozi nyeusi. Kulikuwa na lifti. Gharama zinatajwa kuanzia dola 300,000 hadi 450,000. Eti siku ya ufunguzi shampeni ilimwagwa ikatiririka kwenye ngazi za mbele. Kila hoteli ya mji wa madini ina shampeni yake ya namna hiyo, msomaji aipokee kwa tahadhari.

Wingfield, kinyume na inavyosemwa mara nyingi, hakuijenga. Wawekezaji wengine waliianzisha, naye akaingia muda mfupi baada ya kufunguliwa, pamoja na mshirika wake Casey McDannell, chini ya kampuni iitwayo Bonanza Hotel Company. Na alipoichukua, mji ulikuwa umeanza kupungua tayari. Mwaka 1910 migodi ilitoa dhahabu nyingi kuliko mwaka wowote, takriban dola milioni 11, lakini sensa ya mwaka huohuo ilikuta wakazi 4,838 tu. Wachimbaji wadogo, wapangaji na wenye vibanda walikuwa wameondoka. Dhahabu ilizidi, watu wakapungua: hiyo ndiyo maana ya machimbo kuwa mikononi mwa kampuni moja.

Mengine yalikuja haraka. Septemba 1913 mafuriko ya ghafla yalisomba sehemu ya mji. Mwaka 1923 Wingfield aliiuza hoteli kwa Newton Crumley, na Julai mwaka huohuo moto, ambao chanzo chake kinahusishwa na mtambo wa pombe haramu, uliteketeza mitaa kwa mitaa katikati ya mji. Hoteli ikanusurika. Katika miaka ya 1930 ilikuwa nyumba ya kulala ya bei rahisi, na wakati wa vita ilihifadhi maofisa wa uwanja wa ndege wa jeshi wa Tonopah pamoja na familia zao. Vita vilipokwisha, mlango ukafungwa.

Kumpima Elizabeth kwa kalenda

Sasa turudi chumba namba 109.

Elizabeth hana jina la ukoo. Hana tarehe ya kuzaliwa wala ya kufa, na hana kaburi. Wasimulizi wengine humweka mwanzoni mwa miaka ya hoteli, wengine miaka ya 1930. Ukichagua miaka ya 1930, kesi inavunjika papo hapo: Wingfield alikwisha kuiuza hoteli mwaka 1923, na kwa zaidi ya miaka 20 makao yake yalikuwa Reno.

Ukichagua miaka ya mwanzo, unakwama kwenye shimo. Mashimo ya mgodi yaliyo chini ya hoteli yanajulikana asili yake: Crumley aliyachimba mwaka 1925, akidhani mkanda wa dhahabu unapita chini ya jengo lake. Alichimba mawili, hakupata kitu. Kwa hiyo shimo ambalo Wingfield anadaiwa kumtupia mwanawe lilichimbwa miaka miwili baada ya yeye kuuza. Wapo wanaosema mtoto alitupwa kwenye shimo jingine, nje ya mji. Sawa, mashimo hayakuwa haba. Lakini hadithi ikianza kuhama kila inapobanwa, msikilizaji naye ana haki ya kuhama.

Hata hivyo, hadithi haikuokota kila kitu hewani. Mabomba ya joto yalikuwepo kweli. Makahaba walikuwepo kwa mamia, na mtaa wao ulijulikana. Na Wingfield alikuwa na historia na wanawake iliyofika mahakamani: mwaka 1906 mwanamke aliyekuwa ameishi naye Tonopah alimfungulia kesi akidai kwamba wao ni mke na mume. Mwaka 1908, mwaka wa hoteli, alimwoa binti wa mwenye benki wa San Francisco. Mwanamke wa zamani aliyewekwa kando, mke mpya wa heshima, jengo jipya la fahari: viungo vyote vya kisa viko mezani, amekosekana mpishi tu.

Mpishi alichelewa. Kisa kwa umbo lake la leo kilienea katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wakati hoteli ikiwa tupu, wamiliki wakibadilishana, na wasafiri wa barabara kuu kati ya Las Vegas na Reno wakisimama kuchungulia madirishani. Pamoja na Elizabeth wakaja wengine. Wingfield mwenyewe, anayetambulika kwa harufu ya sigara kubwa. Watoto karibu na ngazi za ukumbi. Mtu wa kisu kwenye chumba cha kulia, anayemkimbilia mgeni kisha kuyeyuka. Mwanamke na mwanamume waliojiua ghorofa ya juu. Na wapo waliokwenda mbali zaidi, wakasema jengo ni mlango wa ulimwengu mwingine. Ukimtazama kila mmoja katika kundi hili utagundua kwamba ni mgeni, mwenye hoteli au mtumishi wa hoteli. Mchimbaji hayumo.

Kwa nini Wingfield aendelee kushtakiwa muda wote huo, hilo lina maelezo rahisi zaidi. Baada ya Goldfield alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote Nevada, akivuta kamba za vyama vyote viwili vya siasa kutoka ofisi yake ya Reno. Alipewa kiti cha useneta baada ya kifo cha Nixon mwaka 1912, akakikataa, maana hakukihitaji. Alimiliki mtandao wa mabenki yaliyokopesha wafugaji. Bei za mifugo na sufu ziliposhuka, mabenki hayo yakakwama, na tarehe 1 Novemba 1932 yakaanza mapumziko ya mabenki jimbo zima, yaliyotangazwa na kaimu gavana Morley Griswold, hatua ya kwanza ya aina hiyo katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Mabenki ya Wingfield hayakufunguliwa tena, na watu wengi wa kawaida walipoteza akiba zao. Mwaka 1935 mwenyewe alifilisika. Alifariki mwaka 1959. Mtu wa namna hiyo haachi jina linalotamkwa kwa upole, na ukitafuta katili wa kumweka kwenye hadithi yoyote ya Nevada, hulazimiki kutafuta mbali.

Mizuka ya chini na mizuka ya juu

Wachimbaji walikuwa na mizuka yao, lakini ya aina nyingine kabisa.

Wachimbaji kutoka Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, walienea katika machimbo ya magharibi mwa Marekani katika karne ya 19, wakaja na imani ya Tommyknockers: vijitu vidogo vinavyoishi ndani ya mwamba na kugonga. Wengine walisema ni roho za wachimbaji waliofia shimoni. Mchimbaji wa Cornwall aliwaachia kipande cha mwisho cha mkate wake wa nyama, na akisikia kugongwa, alitoka. Katika hilo hapakuwa na ujinga. Nguzo za mbao zinazoshikilia dari la mgodi hulia zinapozidiwa na uzito, na mwamba hupasuka kwa milio midogo kabla ya kuporomoka. Aliyeheshimu wagongaji alijifunza kusikiliza mlima, na kusikiliza kulimwokoa.

Linganisha na mtu wa kisu kwenye chumba cha kulia. Hana onyo analotoa, hana alichofia. Yupo ili mgeni aliyelipa apate mshtuko. Mzuka wa mgodini ulikuwa kifaa cha kazi. Mzuka wa hotelini ni bidhaa. Silaumu bidhaa, kwa maana mji unaokaribia kufutika lazima uuze ulichonacho. Lakini ni vyema kujua nani alitunga kipi, kwa ajili ya nani.

Tonopah, jirani wa kaskazini, inaonyesha biashara hii ikifanikiwa. Hoteli ya Mizpah, ya ghorofa tano, ilikaa imefungwa kwa miaka, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2011. Inamtukuza Mwanamke wa Rangi Nyekundu, anayesemekana kuuawa na mpenzi mwenye wivu kwenye ghorofa ya tano. Lakini hoteli hiyo imezushiwa mambo hata yasiyo ya mizuka. Husemwa kwamba Wyatt Earp, mlinda sheria maarufu wa Magharibi ya Marekani, alihudumu kwenye baa yake, ilhali Earp aliondoka Tonopah miaka kadhaa kabla haijajengwa. Husemwa pia kwamba seneta Key Pittman alifia humo kabla ya uchaguzi wa 1940, chama chake kikaulaza mwili kwenye barafu ndani ya beseni la kuogea hadi kura zipigwe. Guy Rocha, aliyekuwa mtunza nyaraka wa jimbo la Nevada, aliifuatilia habari hiyo: uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba, na Pittman alifia hospitalini Reno tarehe 10, siku tano baada ya kushinda. Kilichofichwa ni jinsi alivyokuwa mahututi. Hilo lilikuwa udanganyifu wa kutosha, na sijui kwa nini barafu iliongezwa.

Jerome, mji wa shaba huko Arizona, ni habari tofauti. Jerome Grand Hotel ilifunguliwa mwaka 1927 ikiwa hospitali ya kampuni ya mgodi, ikafungwa 1950, ikageuzwa hoteli 1996. Hapo vifo vilikuwa kazi ya kila wiki, na kifo cha fundi wa matengenezo aliyekutwa chini ya lifti mwaka 1935 kimo kwenye kumbukumbu. Ukiambiwa kwamba kuna watu walikufa ndani ya jengo la Jerome, huhitaji msimulizi. Goldfield, kwa upande wake, imetunga jengo lililojaa maiti mahali ambapo wafu wengi wa mji walifia kwingine: shimoni, kwenye mahema ya turubai, kwa nimonia. Virgil Earp, ndugu yake Wyatt, alifariki Goldfield kwa nimonia mwaka 1905, kabla ya hoteli.

Na makaburi ya mji huo yana visa ambavyo hakuna haja ya kuviongezea chumvi. Makaburi ya kwanza yalikuwa karibu na kituo cha reli, yakawa ndiyo kitu cha kwanza kuonwa na wawekezaji wanaoshuka kwenye treni. Yakahamishwa, na kikosi kilichofukua miili watu wakakibandika jina la mazimwi rasmi. Katika makaburi mapya kuna jiwe la mtu asiyejulikana jina, aliyekufa Julai 1908 kwa kula gundi ya vitabu ya maktaba. Mwaka uleule wa viti vya ngozi nyeusi na lifti, mtu wa njaa alikula gundi. Sijasikia mtu yeyote akidai kumwona huyu.

Wanachokisikia wageni

Wanaoingia leo kwa ruhusa, wakiwa na tochi na vipimo, wengi hawasemi uongo. Wanasikia vitu. Jengo la mawe lililo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, jangwani, hupata joto kali mchana na baridi kali usiku, na mabomba, mbao na vyuma vyake hutanuka na kusinyaa kwa milio. Kuta nene hutunza baridi katika vyumba visivyopigwa na jua, kwa hiyo chumba kimoja kuwa na ubaridi kuliko cha jirani halina uajabu. Picha zenye duara za mwanga ni vumbi la plasta lililo karibu na lenzi, likimulikwa na taa ya kamera. Vipimo vya sumaku-umeme vilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa umeme, na humjibu pia mwenye simu au redio mfukoni.

Yapo maelezo ya kisayansi yanayopendwa kupita kiasi. Mwaka 1998 mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, alichapisha maelezo ya maabara iliyomtia hofu na kumwonyesha kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Akagundua kwamba feni ilikuwa ikitoa mtikisiko wa takriban mizunguko 19 kwa sekunde, sauti nzito mno kwa sikio. Ilipobadilishwa namna ilivyofungwa, hofu ikaisha. Ni kisa kizuri, lakini hoteli tupu haina feni, na majaribio ya baadaye kuhusu sauti hizo yametoa majibu yanayopingana. Kwa Goldfield, nguvu kubwa ni matarajio. Mtu akiambiwa mlangoni kwamba katika chumba namba 109 atalia, akifika chumba namba 109 koo humbana. Hii si dharau kwa mtu huyo. Ndivyo sote tulivyo gizani tukiwa tumeshapewa hadithi.

Mwaka 2004 wapelelezi wa mizuka walipiga picha za video humo, ikaonekana kama tofali linaruka lenyewe ghorofa ya chini ya ardhi. Mabishano juu ya tofali hilo yamewaingizia wengi pesa, lakini hoteli yenyewe haijafaidika sana. Mwekezaji wa miaka ya 1980 alianza ukarabati akakwama njiani. Mwaka 2003 jengo liliuzwa kwa mnada kwa dola 360,000, katika mji ambao sensa ya 2010 ilikuta wakazi 268. Umaarufu wa mizuka huleta watu wa usiku mmoja. Kukarabati vyumba zaidi ya 150 kunahitaji watu wa kila usiku, na hao hawajawahi kurudi tangu migodi ilipokufa.

Ukipita Goldfield, hatua chache kutoka hotelini kuna jengo la mahakama la mwaka 1907, ambalo bado linafanya kazi. Goldfield ndipo waliposhtakiwa Morrie Preston na Joseph Smith, viongozi wa chama cha wafanyakazi, kwa mauaji ya mwenye mgahawa aitwaye John Silva wakati wa mgomo wa Machi 1907. Preston alifyatua risasi baada ya Silva kutoka na bastola mkononi, na akadai kujitetea. Smith hakuwepo wakati risasi inapigwa. Walihukumiwa wote wawili, wakafungwa miaka kadhaa. Bodi ya msamaha ya Nevada iliwasafisha mwaka 1987, wakati wote wawili walikwisha kufa zamani. Watu hawa wana majina ya ukoo, wana tarehe, wana jalada la kesi, na hakuna anayelipa kiingilio kuwasikiliza.